Uvimbe wa shingo usitibiwe kwa kubahatisha

Asubuhi unanyoa ndevu au unafunga mtandio, vidole vinagusa kivimbe shingoni. Hakiumi, basi unakiacha. Nakuomba ukihesabie siku. Kwa mtu mzima, uvimbe wa shingo uliokaa zaidi ya wiki tatu unahitaji daktari, hata kama unakula vizuri na kazini unakwenda.

Napokea wagonjwa waliokwishameza dozi mbili tatu za dawa za kuua bakteria. Wengine wamemaliza miezi sita ya dawa za kifua kikuu bila kipimo chochote cha uvimbe, na uvimbe bado upo. Ni kweli kifua kikuu cha tezi kipo hapa kwetu. Lakini saratani nayo hufikia tezi hizo hizo, na hakuna daktari anayeweza kuzitofautisha kwa kupapasa tu. Msimamo wangu ni huu: uvimbe upimwe kwanza, dawa zifuate.

Kipimo cha kuanzia ni sindano nyembamba inayonyonya chembechembe ili zichunguzwe maabara. Huchukua dakika chache. Usikimbilie kupasuliwa, kwani kukata uvimbe kabla ya kujua ni nini kunaweza kuvuruga matibabu. Kama itabidi tezi nzima itolewe, bingwa wa masikio, pua na koo atakueleza sababu.

Majibu yanaweza kuonyesha kwamba ni saratani, lakini haikuanzia shingoni, na ilikoanzia hakuonekani. Hapo wengi hukata tamaa. Msikate. Kuna virusi viwili vinavyotuelekeza pa kutafuta. Chembechembe zikiwa na kirusi cha Epstein-Barr, ambacho kiligunduliwa mwaka 1964 katika uvimbe wa saratani wa watoto kutoka Uganda, tunatafuta nyuma ya pua. Zikiwa na HPV, tunatafuta kwenye tonsesi na kwenye shina la ulimi, ambako saratani inaweza kuwa ndogo kiasi cha kutoonekana hata kwenye picha. Bingwa hupitisha kamera, na wakati mwingine hutoa tonsesi zikapimwe.

Kwa nini tuhangaike hivyo? Kwa sababu chanzo kikijulikana, mionzi hulenga eneo dogo. Kisipopatikana, tiba bado ipo: upasuaji wa shingo, mionzi, pengine pamoja na dawa za saratani. Ila mara nyingi mionzi hulazimika kugusa eneo pana zaidi, na mgonjwa hubaki na mdomo mkavu na shida ya kumeza. Habari njema ni kwamba saratani ya koo inayotokana na HPV kwa kawaida huitikia tiba vizuri kuliko ile ya sigara na pombe, hata ikiwa imefika shingoni.

Neno kwa wanandoa. HPV huambukizwa kwa kujamiiana, ikiwamo kwa mdomo. Wengi wetu hukipata, na mwili hukiondoa wenyewe. Kwa wachache hukaa miaka mingi kimya. Kwa hiyo majibu hayo hayamtaji aliyekosea wala hayasemi lini. Mgonjwa anahitaji wa kumsindikiza kliniki, si wa kumhoji.

Nanyi wazazi, uvimbe shingoni mwa mtoto mara nyingi hutokana na maambukizi ya koo, meno au ngozi ya kichwa, na hupungua. Usiopungua au unaozidi kukua, mpelekeni hospitali. Na kama una binti wa miaka 9 hadi 14, mpeleke akachanjwe HPV. Tangu mwaka 2024 hapa Tanzania ni dozi moja tu. Chanjo hiyo ililetwa kwa ajili ya saratani ya mlango wa kizazi, lakini inazuia pia HPV aina ya 16, ambayo ndiyo inayoongoza katika saratani za koo zitokanazo na kirusi hicho.

Ukiandikiwa dawa za uvimbe wa shingo wiki hii, uliza kwa heshima kabla hujainuka kitini: "Daktari, uvimbe huu tumeupima?"