Tuzisome barua za wafanyabiashara wa Maniema

Katika fakulte yetu tunasoma mashairi, riwaya, tamthilia na hadithi za wazee. Hilo ni jema. Lakini baadhi ya maandishi ya zamani yanayohusu jimbo letu hayamo katika mafungu hayo. Ni barua za biashara, za madai na za mapatano, zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, nyingine kwa Kiarabu chenyewe na nyingine kwa Kiswahili, wakati Nyangwe na Kasongo zilipokuwa miji mikubwa ya biashara upande huu wa Lualaba. Barua nyingi za zama hizo zimehifadhiwa Ubelgiji. Mwaka 2020 Xavier Luffin, profesa wa Brussels, alitoa kitabu kizima juu ya nyaraka hizo za Kiarabu na Kiswahili za miaka 1880 hadi 1899. Maoni yangu ni kwamba zisomwe na hapa Kindu, na kwamba kazi hiyo ni yetu sisi wa lugha kabla ya kuwa ya wanahistoria.

Mwenzangu mmoja aliniuliza: barua ya biashara, au mukanda kama wengi tusemavyo, ina nini cha kumfundisha mwanafunzi wa lugha? Namjibu kwa kesi mbili.

Ya kwanza ni ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyekuwa na makao Kasongo. Februari 1887, huko Zanzibar, alikubaliana na Stanley mambo mawili: awe liwali wa Stanley Falls kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi, na atoe wapagazi kwa safari ya kumwokoa Emin Pasha. Wapagazi hawakufika kwa wakati wala kwa hesabu iliyotarajiwa. Mwishoni mwa 1889 Stanley alimshtaki katika mahakama ya konseli wa Uingereza huko Zanzibar, akitaka kuzuia pauni zipatazo 10,000 za Tippu Tip zilizokuwa mikononi mwa wakala wake. Tippu Tip naye alisema kwamba baruti aliyoahidiwa katika mapatano haikuletwa. Ugomvi wote ulikuwa juu ya maneno: nani aliahidi nini, na ahadi ya nani ilitangulia ya mwenzake.

Kesi ya pili ilimaliza uhai wa mtu. Charles Stokes, Muairishi aliyefanya biashara ya pembe, alikamatwa na askari wa Dola Huru la Kongo. Ushahidi mkubwa dhidi yake ulikuwa barua alizomwandikia Kibonge, mkubwa wa Kirundu, chini ya mto kutoka hapa kwetu. Kapteni Lothaire alimhukumu usiku, bila wakili na bila nafasi ya kukata rufaa, akamnyonga asubuhi ya tarehe 15 Januari 1895. Baadaye Dola hilo lililipa fidia ya franga 150,000 kwa Uingereza na 100,000 kwa Ujerumani. Lothaire mwenyewe alishtakiwa Boma, kisha kesi ikapelekwa Brussels kwa rufaa, na kote akaachiliwa.

Kusoma barua hizo ni kazi ya lugha hasa. Herufi za Kiarabu hazikuundwa kwa sauti za Kiswahili. Katika mwandiko wa zamani, herufi ya b iliweza kusimama mahali pa p, mb au mp. F ilisimama pia mahali pa v. Na alama za irabu hazikutenganisha e na i, wala o na u. Kwa hiyo neno *pembe* liliweza kuandikwa kwa herufi zile zile za *bibi*. Msomaji asiyejua biashara ya wakati ule, na asiyejua Kiswahili vizuri, anaweza kusoma mzigo wa pembe akadhani ni habari za mwanamke. Hapo sarufi, fonolojia na msamiati hukutana katika mstari mmoja. Sijui zoezi gani jingine lingetufaa zaidi.

Kuna pingamizi ninaloliheshimu. Watu wa Maniema walitekwa na kuuzwa na hao hao walioandika barua hizi. Kwa nini tuwape heshima ya kusomwa darasani? Tutazame mfano wa Marekani. Huko karatasi za John Marshall, aliyekuwa jaji mkuu tangu 1801 hadi alipofariki 1835, zimechapishwa katika vitabu 12. Humo mna hukumu na barua zake, kazi zake za uwakili, shughuli zake za kununua ardhi Virginia, na daftari lake la hesabu. Daftari hilo linaonyesha wazi kwamba jaji huyo alinunua watu. Aliyesoma hukumu zake peke yake alibaki na jaji mtukufu. Aliyesoma na hesabu zake alikutana na mnunuzi wa watumwa. Hukumu huandikwa ili isomwe na wote, lakini hesabu huandikwa ili mali isipotee, na kwa sababu hiyo hufichua mengi. Tukiziacha barua za Kasongo zisomwe na wengine, waliouzwa watabaki bila msomaji wa kwao.

Tena jambo hili si la wafu tu. Ibara ya 18 ya Katiba yetu ya 2006 inataka mtu anayekamatwa aelezwe sababu katika lugha anayoielewa. Kwa wengi hapa Kindu lugha hiyo ni Kiswahili, ilhali karatasi za mashtaka huandikwa kwa Kifaransa. Anayeifasiri karatasi hiyo ana dhamana ile ile ya aliyesoma barua mbele ya hakimu miaka 130 iliyopita. Maneno *hati, dhamana, wakili, shahidi, hukumu* tunayo tayari. Kinachokosekana ni watu waliozoezwa kuyatumia kwa uangalifu.

Ninapendekeza somo moja la muhula mmoja katika lisansi: kusoma Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Vitabu vya kuanzia vipo. Büttner alichapisha barua za Kiswahili kwa mwandiko wake wa asili mwaka 1892, na J. W. T. Allen alitoa mwongozo wa mwandiko huo mwaka 1945. Walimu wa herufi nao wapo: jimbo letu, hasa Kasongo, lina walimu wa Kurani wanaozisoma kila siku. Wao watufundishe herufi, sisi tulete sarufi, na wenzetu wa sheria waje na maswali yao. Naomba wahadhiri walizungumze hili kabla ya programu ya mwaka ujao kupangwa.