Siku 45 Hazimsubiri Mkulima

Dirisha la rufaa la Bodi ya Mikopo likifunguliwa, wanachuo hatulali. Ndani ya saa moja tangazo liko kwenye kila grupu la WhatsApp, na ukikwama kwenye fomu hukosi mtu wa kukuelekeza. Sasa mfikirie mkulima wa kahawa wa kwetu Mkumbi, wilayani Mbinga, aliyeshindwa kesi ya shamba kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ana siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Nani atamwambia?

Akija kusikia, siku zimekwisha. Hapo itabidi kwanza aombe kuongezewa muda, yaani shauri juu ya shauri. Ndiyo maana nasema mtu wa kipato cha chini anashindwa na kalenda na nauli kabla sheria haijasema neno.

Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, baraza la kata haliamui tena mgogoro wa ardhi, linasuluhisha tu. Zikipita siku 30 bila suluhu, unaruhusiwa kwenda baraza la wilaya. Asiyeambiwa hilo atakaa kusubiri hukumu ya kata, huku mwenzake anaendelea kuchuma kahawa.

Kuna atakayesema: si tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, tena na Kampeni ya Mama Samia iliyozinduliwa 2023? Kweli, na zimesaidia. Sheria ile inawatambua wasaidizi wa kisheria, watu wasio mawakili ila wamepewa mafunzo, na huduma yao ni bure. Lakini kampeni inakuja na kuondoka, mgogoro hauna msimu. Kahawa nayo ni zao la kudumu: shamba likienda, limekwenda na ada za watoto za miaka mingi.

Ninachodai si kikubwa. Kila kata iwe na msaidizi wa kisheria mwenye meza na siku inayojulikana, na halmashauri imlipe posho. Nasi wa ualimu, tukienda mazoezi ya kufundisha na kufika kwenye mada ya haki na wajibu, tusiishie kukaririsha wanafunzi maana ya haki. Tuwafundishe siku 30 na siku 45, wakawaambie wazazi jioni hiyohiyo.