Mtoto kakubali, sasa utampeleka wapi?

Wiki hii naingia kwenye jambo lililowatoa jasho vijana wengi kuliko mtihani wa kidato cha nne. Kijana kahangaika miezi mitatu, katuma salamu, kasimama njia panda mpaka kachomwa na jua, kajipulizia manukato hadi paka wakapiga chafya, hatimaye mtoto kakubali kutoka naye Jumamosi. Hapo ndipo kasheshe inapoanza. Unamkuta jamaa kijiweni Makorora kashika tama, kahawa imepoa, kashata haijaguswa. Ukimuuliza kulikoni, anakwambia, "Kaka, nimpeleke wapi?"

Swali hilo naulizwa sana, na wengi naona wanatafuta jibu kwenye taa za rangi, vitambaa vya mezani na muziki wa chini chini. Si vibaya. Lakini mimi kipimo changu ni kimoja tu. Jiulize, huyu binti akitaka kuondoka hapa saa yoyote, ataondoka kwa urahisi na heshima zake? Mahali pakipasi mtihani huo, hata kama ni meza ya plastiki na benchi, mahaba yatakuja yenyewe. Pakifeli, washa mishumaa mia, mwenzio atakula roho iko mlangoni.

Tuanze na neno lenyewe. Kwa Kiswahili chetu "hoteli" ni mahali pa kula wali maharage, na pia ni mahali pa kulala. Kijana anasema, "Nakupeleka hoteli," yeye kichwani ana pilau, binti kichwani ana ghorofa na ufunguo. Na wako wajanja wanaolitumia neno hilo makusudi. Wanachagua kiwanja chenye jiko mbele na gesti nyuma, halafu wanajifanya ilitokea tu.

Majuzi niliwasikia mabinti wawili wakipiga stori, na sikuhitaji kutega sikio maana walikuwa hawanong'oni.

"Shoga, kaniambia twende tukale. Kufika, jiko mbele, vyumba nyuma, na mwenyewe kila dakika anaangalia saa. Kuku hakunishuka!"

"Ukafanyaje?"

"Nikamwambia nakwenda kunawa. Nikatokea barabarani, nikadaka bodaboda, huyooo nyumbani."

Walicheka, na mimi nikacheka. Lakini fikirieni kama kiwanja kingekuwa porini nje ya mji, hakuna bodaboda, simu haina chaji. Kicheko kingetoka wapi?

Ndugu zangu, tusemezane ukweli. Chipsi kuku si mahari, na soda mbili si kishika uchumba. Kuna vijana wanaohesabu bili kama mkopo, wakishalipa wanataka marejesho usiku huo huo. Tangu mwaka 1998 nchi hii ina sheria ya makosa ya kujamiiana, na humo hamna mahali palipoandikwa kwamba aliyelipiwa msosi ameridhia. Na kama binti hajatimiza miaka 18, wewe mtu mzima mtoko huu haukuhusu hata kidogo. Kubaka ni kosa ambalo kifungo chake kinaanzia miaka 30, na mtoto kukubali si utetezi.

Haya, tukishaelewana hapo, twende kwenye viwanja.

Vijana wengi wa Makorora wakisikia "mtoko" akili inakimbilia Raskazone, kule kwenye upepo wa bahari na mahoteli. Raskazone ni pazuri, sibishi. Lakini mji wetu uligawanywa tangu enzi za ukoloni: Wazungu Raskazone, Wahindi katikati ya mji kwenye maduka, Waafrika Ngamiani kwenye barabara za namba. Wakoloni wameondoka, ila mpaka leo namwona kijana akivuka kwenda kule anapunguza sauti, anaomba menyu kama anaomba msamaha. Kama ndiyo mara yako ya kwanza, nenda peke yako siku ya katikati ya wiki, kunywa soda moja, soma bei, uliza kama kodi imo ndani, angalia choo, angalia taa za njiani kuelekea barabarani. Jumamosi ukija na mwenzio, utakuwa mwenyeji. Jogoo la shamba haliwiki mjini, lakini likizoea banda, linawika.

Halafu kuna hoteli zetu za Ngamiani na mjini, za wali wa nazi na samaki wa kupaka, za mbaazi na maandazi, za mishkaki inayopepewa nje. Wengine wanazidharau eti hazina mapozi. Mimi nasema kwa mtoko wa kwanza zina faida kubwa, maana watu wapo, mwanga upo, usafiri uko mlangoni, na mnakula kwa mkono kama mlivyolelewa, hakuna wa kushindana na uma. Mtu anayekula alichokizoea anaongea alivyo. Anayepambana na kisu na kipande cha nyama ngumu hawezi hata kucheka.

Na msidhani kula nje kwenye hewa ni dalili ya ukapuku. Unguja wana Forodhani, watu wanatoka mbali kwenda kusimama kwenye meza za pweza na miwa. Dar wana Coco Beach na mihogo yake. Sisi bahari tunayo, upepo tunao. Mihogo ya kuchoma yenye pilipili na ndimu, juisi ya miwa iliyokamuliwa na tangawizi, mkatembea taratibu kwenye bustani karibu na maji wakati watu wengine nao wanapunga upepo. Huo ni mtoko kamili, na mfuko haujapiga kelele.

Sasa mfuko. Wenye mshiko wa kumwaga rukeni aya hii. Wewe mwenye Sh 40,000 mkononi, chagua mahali ambapo chakula na vinywaji vya watu wawili havizidi Sh 20,000. Nusu inayobaki usiiguse kwa mbwembwe. Humo kuna nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, na akiba ya lolote litakalotokea. Ukienda mahali panapomeza hela yote, utakuwa unaisoma sura ya mhudumu badala ya sura ya mwenzio, na kila binti akisema "naomba na maji" moyo unaruka.

Na hilo la lolote litakalotokea, kwa Makorora mara nyingi lina jina. Linaitwa shoga. Umealika mmoja, wamekuja wawili, na yule wa pili ndiye anayeagiza kuku mzima. Usinune! Shoga ndiye ruhusa ya kutoka nyumbani. Mama kamwambia binti, "Nenda, lakini mwende wote mrudi wote." Huyo shoga anakukagua, kesho ataulizwa na somo, ataulizwa na dada mkubwa, na atakachosema kitakuwa na uzito kuliko mashairi yako yote. Mpe kiti, mpe soda, ongea naye kwa adabu. Anayekasirika kwa kuletewa shoga mara ya kwanza ananitia wasiwasi, maana alikuwa amepanga nini ambacho shoga asingepaswa kukiona?

Wako watakaosema, "Lakini tukikaa peupe tutaonwa." Mtaonwa ndiyo. Tanga imepewa hadhi ya Jiji tangu mwaka 2005, lakini tabia bado za mtaa mmoja. Ukikohoa Makorora, mtu wa Chumbageni anakwambia pole. Ila mjue kwamba mtu akiwakuta mezani saa kumi na moja jioni mnakula katlesi, atasema mlikuwa mnakula katlesi. Akiwakuta mnachungulia uchochoroni saa nne za usiku, atajaza mwenyewe. Si lazima mkae mbele ya baraza la mjomba wake. Vukeni barabara kadhaa, kaeni mahali pa watu, mle, mwongee.

Kuhusu saa, wengi mnaiga sinema, mnakimbilia kuangalia jua likizama. Pwani yetu inatazama mashariki! Jua letu huzamia upande wa bara, kati ya saa 12 na robo hivi na saa 1 kasoro robo kufuatana na miezi. Bahari yetu imepewa mwezi. Siku za tarehe 14 na 15 za mwezi wa Kiislamu, mwezi mpevu unachomoza baharini karibu na muda ule ule jua linapozama. Waliofunga mahesabu wanakuwa wameshakaa, mishkaki imefika, mara maji yanaanza kung'aa. Haulipiwi bili huo. Lakini usichelewe siku, maana kila usiku unaofuata mwezi unachelewa kwa wastani wa dakika 50, na ukijidai kumsubirisha binti mpaka saa tatu, mama yake atakuwa keshapiga simu mara saba.

Kwa hiyo kuteni saa kumi na nusu, muwe mmeagana saa mbili. Mwenye kuswali apewe nafasi ya Magharibi bila kuombwa maelezo. Ramadhani subirini baada ya futari. Na masika, Machi hadi Mei, tafuteni mahali penye paa. Binti aliyesuka juzi ukimkalisha bustanini mvua ikashuka, penzi litaondoka na maji ya mtaro.

Chakula nacho kina siasa zake. Muulize anachopenda, usimwagizie kwa kujifanya bosi. Kaa ni mtamu lakini atawatia aibu, mtagonga magamba kama mafundi gereji. Na akisema hali nyama au hatumii kilevi, limekwisha, usimbembeleze "onja kidogo". Atakayekuheshimu kwenye glasi atakuheshimu na kwenye mengine.

Mabinti nanyi msijifiche nyuma ya khanga, zamu yenu. Kula nauli ya mtu halafu kuzima simu si ujanja. Kama hutaki kwenda, sema hutaki, mdomo haulipiwi ushuru. Kama unakwenda, mwambie mtu mmoja nyumbani unakokwenda na saa ya kurudi, na beba nauli yako mwenyewe hata kama ni ya bodaboda tu. Binti mwenye nauli mfukoni anacheka kwa raha, maana anajua akibaki ni kwa kupenda. Na siku nyingine lipa wewe juisi ya miwa, uone kijana atakavyotabasamu. Si kila mwanamume ni buzi la kuchunwa.

Kwa hiyo wewe uliyeshika tama pale kijiweni, inuka. Kabla ya Jumamosi, mwambie wazi jina la mahali, saa ya kufika na saa ya kurudi, halafu muulize, "Pamekaaje kwako?" Akisema pengine, sikiliza pengine hapo. Mara nyingi yeye anajua zaidi yako ni wapi atakula akashiba.

Haya, mimi naishia hapo, wiki ijayo tutaongelea wale wanaokopa viatu vya kwendea harusini. Jumamosi njema!