Je, Dhambi Zote ni Sawa?

Muhula huu tumebishana sana bwenini juu ya swali hili. Wenzangu Walutheri husema dhambi zote ni sawa mbele ya Mungu, kwa kuwa sote twahitaji neema ile ile. Wenzangu Wakatoliki hufundishwa kwamba iko dhambi ya mauti na iko dhambi nyepesi. Mimi siwezi kuwaamua, ila nina jambo la kueleza.

Likizo iliyopita baba aliniachia kahawa yetu ya maganda niianike na kuijaza maguniani. Alikwisha kunifundisha kuitikisa sikioni, nisikie punje zikilia ndani, ndipo nijue imekauka. Lakini kwa tamaa ya uzito nilichanganya debe moja la mbichi. Nilijiambia, "Debe moja tu!" Huko chamani ilimwagwa pamoja na ya majirani, na baada ya siku chache rundo zima likaota ukungu. Wote walikatwa bei. Miongoni mwao alikuwa mjane mmoja aliyekataa kuuza kahawa yake kwa butura, yaani ingali mtini kwa bei ya kutupa, ili apate fedha za kumsomesha mwanawe.

Nilikwenda kutubu, nami naamini nimesamehewa. Lakini msamaha haukuikausha kahawa ile.

Hapo nikaelewa habari za Mfalme Daudi. Alisamehewa, walakini msiba haukuondoka nyumbani mwake. Tena Yesu alifundisha kwamba mtumishi ajuaye mapenzi ya bwana wake, asiyatende, atapigwa zaidi kuliko asiyejua. Mimi nilijua.

Tangu mwaka 2012 Karagwe na Kyerwa ni wilaya mbili, lakini kahawa ni ile ile na majaribu ni yale yale. Kwa maoni yangu, kupima uzito wa dhambi tumwachie Mungu. Kazi yetu ni kuuliza ni nani aliyeumia, na tumrudishie nini. Zakayo hakutosheka na kutubu. Aliahidi kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu.

Baba nimekwisha kumwambia kweli. Likizo ijayo nitamwendea mama yule, nikiri mbele yake, kisha nimvunie kahawa yake bila ujira. Naona haya na hofu, lakini wazee husema dawa ya deni ni kulipa.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu