Umejuaje Kwamba ni Shoki? Ugomvi Wangu na Ufundi wa Kubahatisha

Haya jamani, leo nimekuja na hasira, kwa hiyo mnivumilie. Waliozoea kusoma hapa mambo ya programu na seva watashangaa kuona naandika juu ya miguu ya pikapu. Someni mpaka mwisho, mtaona kwamba ni ugonjwa ule ule.

Mzee wangu ana Isuzu TFR 54 ya mwaka 1999. Wakenya wengi hawahitaji kuelezwa gari hilo. Ni pikapu ya dizeli ya lita 2.5, iliyounganishwa hapa hapa Nairobi siku zile kampuni ikiitwa General Motors Kenya, kabla ya Isuzu kununua hisa za GM mwaka 2017 na jina likawa Isuzu East Africa. Mzee huibebesha marobota ya nyasi na chakula cha ng'ombe kutoka Kitengela hadi kwa wateja wake wa Kisaju na Isinya. Nusu ya safari ni lami ya barabara ya Namanga, bega kwa bega na malori ya saruji na matrela yaendayo Tanzania. Nusu nyingine ni njia za ndani za ule udongo mweusi tunaoujua: mvua ikinyesha ni matope, jua likiwaka ni mashimo magumu kama zege.

Mwaka jana ikaanza kugonga mbele kushoto. Ko! Ko! Ko! Kila ikiingia shimoni. Tairi la upande huo nalo likaanza kulika kwa ndani. Mzee akaipeleka gereji. Fundi akaiendesha kama mita 100, akashuka, akatoa hukumu: "Mzee, shoki zimeisha." Zikanunuliwa mbili, zikafungwa. Mlio ukapungua kwa wiki moja hivi, kisha ukarudi. Fundi wa pili, gereji nyingine, akainua gari kwa jeki, akatikisa gurudumu, akaona limekaza. Akasema: "Walikuuzia shoki feki." Zikanunuliwa nyingine. Mlio pale pale! Shilingi 19,000 zikawa zimekwenda.

Mimi nilijua siku aliponiambia, "Kijana yangu, niongezee kitu kidogo nibadilishe shoki tena."

Nikamuuliza, "Mzee, walijuaje kwamba ni shoki?"

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Si fundi ndiye alisema?"

Hapo ndipo hasira yangu ilipoanza, na bado haijaisha.

Tuanze na shoki yenyewe, au shokomzoba ukipenda jina refu. Watu wengi hudhani shoki ndiyo inayobeba gari. Sivyo! Kwenye pikapu kama hii, mbele uzito unabebwa na fimbo mbili ndefu za chuma zinazojipinda, mafundi huziita tosheni ba, na nyuma unabebwa na zile springi za vyuma vilivyolaliana. Kazi ya shoki ni kutuliza mrusho. Gari likishaingia shimoni na kurushwa juu, shoki ndiyo inayolizuia lisiendelee kudunda kama mpira. Ikifa, utaona imevuja mafuta, au utabonyeza kona ya gari kwa nguvu, uachie, nalo litadunda mara kadhaa kabla ya kutulia. Ni kipimo cha dakika 1, bila hata spana. Hakuna aliyekifanya. Na kama pikapu yako imeinama mbele, hata ufunge shoki za dhahabu haitainuka.

Sasa kwa nini mlio ulipungua wiki ya kwanza? Shoki mpya ni ngumu, kwa hiyo ilipunguza mtikisiko uliokuwa ukigongesha kile kilicholegea. Wenzangu waandishi wa programu wanakijua kisa hiki. Programu inavuja kumbukumbu, seva inalemaa, mtu anaizima na kuiwasha. Inakimbia siku tatu. Anatangaza kwamba ameitengeneza. Hajatengeneza kitu! Amenyamazisha dalili tu, na sasa itakuwa vigumu zaidi kuupata ugonjwa.

Jumamosi moja tukaingia kazini nyumbani, mimi na Mzee. Tuliweka stendi za chuma chini ya fremu, maana jeki peke yake si kitu cha kulala chini yake, na mawe ya kujengea hupasuka bila kukuaga. Ukikumbuka neno moja tu katika makala hii, likumbuke hilo.

Kisha tukatafuta pa kuinulia kwa ajili ya kupima, na hapa ndipo fundi wa pili alipopotea. Gurudumu la mbele limeshikwa na mikono miwili ya chuma, wa juu na wa chini, na kila mkono una boljointi: kichwa cha mviringo ndani ya kikombe, kama paja linavyokaa kwenye nyonga. Kwenye TFR ile tosheni ba inasukuma mkono wa chini, kwa hiyo boljointi ya chini ndiyo inayobeba mzigo. Ukiinua gari kwa fremu, gurudumu likaning'inia, tosheni ba inaendelea kuusukuma ule mkono kwenda chini na kuibana boljointi. Hata ikiwa imekwisha kabisa, utatikisa gurudumu na kuona limekaza! Lazima uweke jeki chini ya mkono wa chini wenyewe, karibu na gurudumu, ndipo boljointi iachiliwe na ulegevu uonekane.

Tukafanya hivyo. Nikapitisha mtaimbo chini ya tairi nikainua kidogo. Gurudumu likaruka juu, likashuka. Ko! Mlio ule ule.

Je, tukakimbilia dukani? La. Ulegevu wa gurudumu unaweza pia kutokana na beringi. Nikamwomba Mzee akanyage breki huku nikitikisa. Breki ikishikwa hufunga beringi isicheze, kwa hiyo ulegevu ukitoweka, mkosaji ni beringi. Haukutoweka. Nikamwita aje aweke kidole chake pale kwenye kiungo nikiinua mtaimbo. Akaushika mchezo kwa mkono wake. Hakusema kitu kwa muda. Kisha akaniambia kwamba wiki hiyo hiyo alikuwa amepita Isinya na mzigo kamili.

Mnaelewa maana yake? Boljointi ya chini ikichomoka, gurudumu linajikunja, gari linakaa chini, na usukani unabaki pambo. Gari hilo lilikwenda gereji mara mbili, likarudishwa kwa baba yangu likiwa na shoki mpya zinazong'aa na kiungo kinachongoja kuchomoka mbele ya lori la saruji. Ndiyo maana sikubali mtu aniambie kwamba kubahatisha ni hasara ya pesa tu.

Kazi yenyewe ilituchukua siku mbili. Bushi za mikono ya chini nazo zilikuwa zimepasuka, kwa hiyo ilibidi mikono itoke. Kabla ya kugusa nati yoyote tulipima urefu kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, tukaandika daftarini. Tukatia alama kwenye bolti za kurekebishia tosheni ba na kuhesabu mizunguko tukizilegeza, maana fimbo hiyo ikiwa imejipinda ina nguvu ya kukuvunja mkono. Boljointi mpya tulizinunua Kirinyaga Road, Nairobi, ambako wazee bado wanakuita Grogan. Tulibadilisha pande zote mbili, na kila nati ikapata pini mpya ya kuizuia isifunguke. Bolti za bushi hatukuzikaza gari likiwa juu. Tulilishusha likakaa kwa magurudumu yake, ndipo tukakaza. Ukizikaza gurudumu likiwa linaning'inia, mpira wa bushi unabaki umejipinda siku zote na utachanika mapema. Mwisho tukalipeleka kufanyiwa alaimenti. Yote, pamoja na alaimenti, hayakufika shilingi 10,000.

Sasa najua mtakayosema. "Wewe una digrii ya tarakilishi, unajifanya fundi wa magari!" Sijifanyi. Sikusomea gari popote. Nilichonacho ni mazoea ya kutoamini jibu mpaka nione jaribio linaloweza kulikanusha. Hayo hayahitaji digrii. Mama anayeuza maziwa hupima maziwa kabla ya kuyanunua.

Wengine mtasema, "Mafundi ni wezi, tumeshazoea." Hapo nakataa kabisa! Mikono ya chini tuliipeleka kwa fundi mmoja wa jua kali hapa Kitengela mwenye mashine ya kusukumia bushi. Alifanya kazi safi. Nikamweleza kisa chote, nikitarajia awacheke wenzake. Akanijibu hivi: "Boss, nikikaa nusu saa napima gari, mteja ataniuliza ananilipa ya nini na sijabadilisha kitu. Nikifunga shoki, analipa bila maneno."

Nilikosa la kusema, kwa sababu hata mimi nimewahi kuwa mteja huyo. Na nimewahi kuwa fundi huyo pia. Mara ngapi nimemwandikia mteja bei ya programu, nikaweka mstari wa majaribio, akaukata mstari huo wa kwanza? "Kwani hujiamini?" Nami nikakubali, kwa sababu kodi ya nyumba haingoji. Kisha programu ikaanguka mwisho wa mwezi, wakaniita mtu wa kubahatisha. Walikuwa wamekataa kulipia kupima!

Kwa hiyo ugomvi wangu si na mafundi peke yao. Tumezoea kulipia kile tunachoweza kushika mkononi: shoki mpya, simu mpya, tovuti mpya. Kujua hatulipii. Halafu tunashangaa kwamba kila fundi tunayekutana naye anauza vitu na hakuna anayeuza jibu. Fundi wa kwanza alifanya kile ambacho mfuko wa Mzee ulimfundisha kufanya. Hilo halimwondolei lawama, maana kipimo cha shoki ni cha dakika 1 na cha bure. Lakini lawama nyingine ni yetu.

Na vipuri feki? Vipo, sikatai. Lakini "feki" limekuwa neno la kufunika kila kosa la utambuzi. Kabla ya kulaumu kipuri, thibitisha kwanza kwamba ndicho kilichostahili kubadilishwa.

Basi ninachotaka ni mambo mawili tu. Kwanza, ukipeleka gari lako, au tarakilishi yako, au hata mwili wako, mtu akikwambia "ni kitu fulani", muulize kwa heshima: "Umejuaje?" Fundi wa kweli hatakasirika. Atakuita uje uone, atakuwekea kidole chako pale penye mchezo. Pili, akikuonyesha, mlipe kwa kukuonyesha, hata kama hajafungua nati moja. Kubalianeni bei ya kupima kabla ya bei ya kutengeneza, na ziwe bei mbili tofauti. Mimi tangu siku hiyo naandika hivyo kwenye makadirio yangu ya kazi: kupima ni mstari wake, na atakayeukata atafute mtu mwingine. Nimeshapoteza mteja mmoja kwa ajili hiyo.

Mzee naye amebadilika. Juzi jirani yake alikuja akisema usukani wa gari lake unatetemeka, fundi amemwambia ni tairi. Nikamsikia Mzee kutoka dirishani: "Amejuaje?"

Shoki nne za zamani bado ziko stoo. Mbili kati yake nadhani ni nzima kabisa.