Kukataa Maktaba za Programu Si Kujitegemea

Ipo kasumba inayostahili kupigwa vita. Baadhi ya wataalamu wetu hujigamba kwamba kila kanuni ya takwimu wameiandikia programu wenyewe, na mwenzao atumiaye maktaba ya programu iliyo tayari humwita mvivu na tegemezi.

Hebu tulipime dai hilo. Chukua malipo matatu: shilingi 100,000,001, 100,000,002 na 100,000,003. Tafuta tofauti ya kila moja na wastani, zipandishe kipeo cha pili, ujumlishe: jibu ni 2. Mwanafunzi wa sekondari hulipata kwa kalamu. Lakini ipe kompyuta ile kanuni ya mkato ya vitabuni, yaani jumla ya vipeo vya pili vya malipo yenyewe, kutoa mara tatu ya kipeo cha pili cha wastani, nayo itajibu sifuri! Kwa kawaida kompyuta hutunza tarakimu zipatazo 16 tu, na vipeo hivyo vina 17, tofauti imemezwa. Waandishi wa maktaba hizo waliujua mtego huo zamani, wakaukwepa.

Kwa nini basi mtafiti wa mahindi pale Uyole, Mbeya, au mpima miti wa Sao Hill, Iringa, aunase upya? Programu ya R, waliyoianzisha Ross Ihaka na Robert Gentleman huko Auckland, New Zealand, ni huru tangu 1995, na maandishi yake ya ndani yako wazi kwa yeyote. Utegemezi uko wapi? Wa kulaumiwa ni abonyezaye kitufe asijue ameuliza nini, na hao, kwa bahati mbaya, si haba. Vyuo vya Mbeya na Iringa viwafundishe vijana kuyasoma maandishi hayo, na wakigundua kosa walisahihishe.