Ndege Iliyoanguka Voi: Kamau wa Nani?

Mwezi uliopita tulikwenda Ruiri, huko Umeru, watu watano kutoka Mombasa, kumposea mpwa wangu. Ruiri iko njiani ukitoka Meru kuteremkia Isiolo. Mlima Kenya unakuwa nyuma yako, na mbele imetandaa nchi kavu ya Isiolo mpaka macho yachoke. Wenyeji walitupokea kwa heshima. Na kama ilivyo ada, kwao na kwetu, swali la kwanza halikuwa la mahari. Lilikuwa hili: "Kijana huyu ni wa nani?" Nami nikahesabu, fulani bin fulani bin fulani, hata nikafika babu wa tano. Wazee wakaridhika, chai ikaletwa.

Tukiwa twanywa chai ndege ndogo ikapita juu yetu ikielekea kaskazini, na mazungumzo yakageukia ndege. Mimi, kwa ule ugonjwa wetu waandishi wa kupenda kuonekana wajuzi, nikaanza kuwasimulia habari za ndege ndogo za zamani. Msomaji wangu, laiti ningalijua mahali hadithi hiyo itakaponifikisha!

NDEGE YA MATEMBEZI

Ndege niliyowasimulia iliundwa Uingereza na kampuni ya de Havilland, ikaruka mara ya kwanza Februari 1925. Jina lake Moth, yaani nondo, yule mdudu apendaye taa, kwa kuwa Geoffrey de Havilland mwenyewe alikuwa mpenzi wa wadudu hao. Ilikuwa ndege ya mbao na kitambaa, kila upande ina bawa la juu na bawa la chini, na viti viwili visivyo na paa. Rubani alikaa nyuma na abiria mbele, wote wawili upepo ukiwapiga usoni, wakisemezana kwa mrija kwa sababu ya kelele. Mabawa yalikunjwa yakalazwa ubavuni, mwenye nayo akaiweka bandani kama gari. Mwaka 1928 ikatiwa mtambo mpya wa Gipsy wenye nguvu za farasi 100, na hapo ndipo ikaitwa Gipsy Moth. Haikuundwa kwa vita. Ilikuwa ya matembezi, ya kujifunzia, na ya mwenye mali kwendea atakako.

Kenya nayo haikuchelewa. Mwaka 1929 Bibi Florence Kerr Wilson alianzisha Nairobi kampuni ya ndege, Wilson Airways, akaanza na Gipsy Moth. Nilipowaambia wazee kwamba uwanja wa Wilson, ambao kwa miaka mingi umepitisha miraa ya Umeru kwenda Somalia, umepewa jina la mwanamke, walicheka sana. Walikuwa wakilitaja jina hilo siku zote wakidhani ni la mwanamume.

Kisha nikawasimulia ya Voi. Alikuwako Mwingereza mwindaji, Denys Finch Hatton, mwana wa mtu mwenye cheo kikubwa kwao, ambaye alikuwa na nyumba huku kwetu Takaungu. Alikuwa na Gipsy Moth yake mwenyewe. Mei 1931 alikuja nayo pwani, kisha akaenda Voi kutafuta tembo kwa kuwatazama kutoka juu. Asubuhi ya tarehe 14 aliruka kutoka Voi kurudi Nairobi. Ndege ikazunguka juu ya kiwanja, ghafla ikaanguka, ikawaka moto. Akafa yeye, na akafa mtumishi wake, Mkikuyu, jina lake Kamau.

Nikanyamaza nikingoja wazee wasikitike. Mzee mmoja, ambaye kwa ajili ya kofia yangu alikuwa akiniita Shehe, akauliza kwa upole: "Kamau wa nani, Shehe?"

Sikuwa na jibu. Muda mfupi kabla yake nilikuwa nimetaja mababu watano wa kijana aliye hai, mzima, na bado hajafanya lolote. Na huyu aliyeteketea nilimtaja kwa neno moja, kama mtu atajaye paka.

MMOJA ANA NASABA, MWENGINE HANA

Tazama jinsi walimwengu walivyomhifadhi yule mwenye ndege. Karen Blixen, aliyekuwa na shamba la kahawa Ngong, alimwandika katika kitabu chake cha 1937. Filamu ya kitabu hicho ilitoka 1985 ikapata tuzo saba za Oscar, na ndege ya namna ile ile yaonekana ndani yake ikipepea juu ya nyika. Vitabu vya maisha yake vilitoka 1977 na 2006. Kaburi lake liko kwenye vilima vya Ngong na mnara juu yake, na huko Tsavo iko kambi ya watalii yenye jina lake. Simlaumu marehemu kwa hayo, wala siwalaumu waliompenda. Lakini katika simulizi zijulikanazo na wengi, mwenzake ni Kamau tu, hana baba wala mama, wala mji aliotoka.

Sisi tuliosoma vyuoni twajua thamani ya sanadi. Habari haipokelewi mpaka ijulikane imetoka kwa nani, naye aliipata kwa nani, na jina moja lisilojulikana ndani ya mnyororo huo latosha kuidhoofisha. Basi mimi naona kisa chenye maiti wawili, ambacho mmoja ana nasaba nzima na mwengine hana hata baba, ni kisa ambacho sanadi yake imekatika.

Atatokea wa kusema: mwenye chombo ndiye mwenye habari, abiria ni abiria. La hasha. Ndege ile haikuruka kwa rubani peke yake. Ilihitaji mtu asimame mbele na kuizungusha rafadha kwa mkono mpaka mtambo ushike moto. Ilihitaji watu wa kufyeka nyasi na kufukuza wanyama kiwanjani, na wa kubeba petroli kwa madebe. Na ilipoanguka haikuchagua kiti cha mbele wala cha nyuma.

Tena hayo maneno yenyewe, rubani, rafadha, abiria, ni yetu sisi wa pwani, ya majahazi na merikebu kabla hayajapanda juu. Kama lugha yetu iliweza kuipa ndege majina ya viungo vyake, haiwezi kuwapa majina watu walioihudumia?

TUSINYOSHE KIDOLE

Lakini kabla ya kuwalaumu Wazungu, turudi Takaungu kwenyewe. Mashamba ya huko yalilimwa na watumwa, na wengi wao wamebaki kwetu kwa majina kama Mabruki na Feruzi, bila ya "bin" nyuma yake. Mabwana zao twawahesabu hadi Omani. Wale waliolima, je? Mabruki wa nani? Feruzi wa nani? Tunamzika maiti kwa kumsomea talakini, tukimwita kwa jina lake na la mamake, kisha tukirudi mjini twasimulia historia kana kwamba nusu ya watu hawakuzaliwa na mtu.

Maoni yangu ni haya. Pale Voi pawekwe kibao chenye majina mawili, si moja. Na walimu wa historia, kuanzia Voi mpaka Isiolo, wawatume wanafunzi wakaulize nyumbani kwao: nani alifyeka kiwanja cha kwanza cha ndege, nani alibeba madebe, nani alizungusha rafadha? Walioshuhudia wamekwenda, lakini watoto na wajukuu wao wapo. Wakifa hao, tutabakiwa na mnara wa Ngong na filamu.

Posa yetu ilikubaliwa, alhamdulillahi. Tulipoagana yule mzee alinishika mkono akasema, "Shehe, ukimjua baba yake Kamau, nitumie habari." Nimeahidi, na ahadi ni deni. Msomaji mwenye kujua lolote na aliandikie gazeti hili. Mimi nitaibeba barua yake mwenyewe mpaka Ruiri.